Daktari Aliyechoka Kuandika Kitu Kimoja

Hakuna aliyeingia chumbani kwa Daktari akaulizwa kwanza anaumwa wapi. Swali lake la kwanza lilikuwa moja kwa wote: unakunywa maji gani? Aliwauliza watoto wa kuhara na wazee wa shinikizo la damu. Siku moja aliletewa fundi wa magari aliyepondwa kidole na injini, damu inachuruzika mpaka sakafuni, na Daktari huku anamfunga bandeji akamwuliza maji ya kunywa anayatoa wapi. Yule bwana akasema yeye anakunywa bia tu. "Kale," Daktari akajibu, yaani haya kwa Kiganda, bila kuinua macho, "wewe angalau uko salama."

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Waganda huulizana ukoo kabla hata chai haijapoa, lakini mimi ni Mkongo, natoka Bukavu, na hakuna aliyetarajia nijue mambo hayo. Nitasema niliyoyaona. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni yake miaka mingi, na nadhani nilimjua kuliko yeye alivyopenda kujulikana.

Kliniki yake ilikuwa vyumba viwili chini kabisa Nateete, kitongoji cha Kampala, nyuma ya soko, pale ambapo barabara inakata tamaa ya kuwa barabara. Hatua chache chini yake palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka kwenye kipande cha bomba la chuma, ya baridi, meupe, matamu hata, na bonde zima tulikuwa tunayachota humo. Juu ya chemchemi, kwenye mteremko, palikuwa na vyoo vya shimo, kimoja kikiegemea kingine. Kila mtu aliviona, na kila mtu aliendelea kujaza dumu lake. Hata mimi. Maji ya kununua yalikuwa ghali, na mkaa wa kuchemshia ulikuwa ghali zaidi.

Nilifika pale kama mgonjwa wa kawaida, au tuseme mama wa mgonjwa. Neema, binti yangu, alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Tumbo lilikuwa linamshika, anahara, anapona, wiki tatu nyingi, tumbo linarudi. Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja njiani tukitoka Kongo, na sikuwa na nguvu ya kuzika wa pili. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilitaka nini kwa Daktari, au kwa serikali, au kwa Mungu, jibu langu lilikuwa fupi: Neema akae hai.

Siku hiyo benchi lilijaa Wakongo. Aliitwa ndani mama mmoja wa Uvira, mgeni kabisa mjini. Mlango ulikuwa wazi, na tukasikia sauti ya Daktari: "Simama hapo! Vua shati! Geuka! Fungua mudomo!" Yule mama akatoka mbio na kiatu kimoja. Mungu anisamehe, nilicheka kwanza, ndipo nikamkimbilia. Nilimkuta kwenye kona ya soko anatetemeka, nikamrudisha nimemshika mkono. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na kile kiatu cha pili.

"Nnyabo," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "mimi nimesema nini mubaya?"

"Daktari, umesema kama askari wa kizuizini."

Akafikiri. "Lakini hiyo ndiyo Kiswahili mimi nalifundishwa. Nalifanya kazi kliniki ya polisi miaka sita. Wao nasema hivyo."

Ndiyo hivyo. Kiswahili chake chote alikiokota kambini, kwa maafande, na maafande hawaombani. Alijua amri zote za lugha hii na hakujua pole hata moja. Wenzake wengi wa Kampala walikuwa hawataki hata kukigusa Kiswahili, wanasema ni lugha ya kupigiwa watu. Yeye alikuwa amekigusa kwa bidii, ila kwa upande wenye makali. Aliona haya kweli, masikio yalimwanguka. Akaniambia kesho yake nije saa mbili asubuhi, nikae pembeni, nimfundishe Kiswahili ya wagonjwa.

Nikamfundisha. "Pole, mama." "Naomba ulale kidogo." "Utasikia baridi, usiogope." Aliyaandika kwenye karatasi akayabandika ukutani, juu ya mzani wa watoto. Mwezi mzima aliwaambia wanaume wenye ndevu "pole, mama", na hakuna aliyemkosoa kwa sababu wote walikuwa wamekwisha kumpenda.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkono wa birika kwenye mambo ya ajabu. Dawa aligawa bila kuuliza mtu ana nini mfukoni, lakini majani ya chai ya kliniki yalichemshwa mpaka yakawa hayana rangi, na sukari aliifungia kabati moja na mofini. Alichoma watu sindano kutwa, yeye mwenyewe akichomwa alifumba macho na kutaja watakatifu. Na viatu! Bonde lile lilikuwa tope mwaka mzima, na yeye alikuja na viatu vyeusi vinavyong'aa, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe, mkono mmoja ameinua suruali. Niliwahi kumwambia anunue gambuti kama wenzake. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia atembee uchi.

Hasira pia alikuwa nazo, za ghafla, na nyingi zilikuwa juu ya madaftari. Katika kliniki za Kampala mgonjwa huja na daftari lake mwenyewe, lile la shule, analinunua dukani na kulirudisha nyumbani. Daktari anaandika humo ugonjwa na dawa, na ziara ijayo unakuja nalo. Ukija bila daftari, Daktari alikugombeza utadhani umekuja bila kichwa. "Mimi natibu nani? Mimi najua wewe?" Nasi tuliyatunza. Nyumbani kwangu daftari la Neema lilikaa juu ya Biblia.

Ni daftari hilo lililomwingiza kwenye siasa. Watu wa mjini wana hadithi nyingine, kwamba chama kilimfuata, kwamba alitaka gari. Mimi nilikuwepo. Neema alikuwa amelala mezani, tumbo gumu, macho yameingia ndani, na Daktari akafungua daftari atafute ukurasa mweupe. Hakuupata. Akarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, anasoma mwandiko wake mwenyewe. Kuhara, maji mabaya, dawa ile. Kuhara, maji mabaya, dawa ile. Mpaka jalada la kwanza.

"Mama Neema," akasema polepole, "miaka hii yote mimi natibu mutoto. Mugonjwa si mutoto. Mugonjwa iko pale chini." Akaonyesha dirishani, kwenye chemchemi. "Mimi nimechoka kuandika kitu moja."

Wiki ile ile akachukua fomu za kugombea udiwani.

Alikuwa mgombea mbovu, nasema hivyo kwa mapenzi. Wenzake waliahidi kuleta. Yeye aliahidi kuondoa. Alisimama mbele ya watu akawaambia, "Mukinichagua, mimi nitafunga hii chemchemi." Watu waliangaliana. Kisha ndipo akaanza kueleza habari ya bomba la maji safi litakalowekwa mahali pake, lakini kufikia hapo nusu yao walikuwa wameshaondoka. Alisema hapendi siasa, ni mambo ya waongo. Asubuhi moja niliingia kliniki mapema nikamkuta mbele ya kioo cha dirisha anafanya mazoezi ya kupunga mkono. Alipunga wa kulia, akapunga wa kushoto, akachagua wa kulia. Nilitoka nje nikaingia tena kwa kelele, na hatukulizungumza jambo hilo kamwe.

Kilichomtia wazimu meneja wake wa kampeni, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na simu mbili, ni ziara. Daktari alipanga nyumba za kutembelea kama alivyopanga wagonjwa: aliye mbele aingie. Na kwenye mitaa yetu waliokuwa mbele ni Wakongo. Siku nzima anakaa kwenye vyumba vya wakimbizi, anakunywa chai yetu, anaeleza habari ya maji, na hakuna hata mmoja wetu mwenye haki ya kupiga kura katika nchi ile.

"Dokita, banange, jamani!" meneja akalia siku moja mbele yetu sote. "Hawa watu hapana piga kura! Hata moja!"

"Lakini wanakunywa maji," Daktari akasema.

Mama Furaha, jirani yangu, alimwonea huruma yule kijana. "Dokta, ni kweli anachosema. Siye hatupigake kura. Unajichokesha bule."

"Mama, wewe iko na watoto ngapi?"

"Ine."

"Kale. Tuendelee."

Sikuchekeshwa na mambo yote ya siku zile. Siku mbili kabla ya uchaguzi tumbo la Neema lilirudi, baya kuliko yote. Nilimbeba mgongoni mpaka kliniki nikakuta kufuli. Daktari alikuwa kwenye mkutano wake mkubwa wa mwisho, juu ya lori, upande wa pili wa Nateete. Nikasimama mbele ya mlango ule nikamchukia. Nasema wazi, nilimchukia. Nikampigia simu nikamtukana kwa Kiswahili cha kwetu, maneno ambayo sikuwahi kumfundisha: wewe unatafuta kura na mtoto anakufa, daktari gani wewe, mwongo kama wenzako. Nikakata.

Alikuja juu ya bodaboda, fulana ya kampeni imelowa jasho, viatu vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Hakuniangalia. Alifungua mlango, akamlaza Neema, akatafuta mshipa kwenye mkono ule uliokauka. Mara ya kwanza akakosa, mara ya pili akapata. Akaning'iniza dripu, akavuta kiti, akakaa. Simu yake iliita mpaka ikaisha chaji. Jua lilipokuwa linashuka Neema aliomba uji. Ndipo Daktari akasema, "Pole, mama," na safari hii alikuwa amempata mwenyewe.

Mkutano ulivunjika bila yeye. Meneja aliniambia baadaye watu walimsubiri hadi wakachoka wakaenda kwa mpinzani, aliyekuwa na muziki. Daktari akashindwa, tena vibaya. Kesho yake alifungua kliniki saa mbili kamili, viatu vimepigwa rangi, akamwuliza mgonjwa wa kwanza anakunywa maji gani. Nilijaribu kumwomba msamaha. Akaniambia nipunguze majani ya chai.

Kumbe mambo yalikuwa hayajaisha. Mshindi alipelekwa mahakamani, ushindi ukafutwa, na mwaka uliofuata kura zikarudiwa. Sasa hapa ndipo watu huniuliza: ninyi wakimbizi mlifanya kampeni? Hatukufanya. Mkimbizi haruhusiwi siasa, na sisi tulikuwa tunaogopa hata kusimama karibu na bango. Sisi tuliuza vitenge. Mama wa Kikongo Kampala anatembea na vitenge kichwani nyumba kwa nyumba, ofisi kwa ofisi, na mteja hanunui kitenge akiwa amesimama. Anakukaribisha, unakunjua kimoja, unakunjua kingine, mnazungumza. Anakuuliza watoto wako hawajambo? Nasi tukajibu. Tuliwaambia habari za watoto wetu, kwa sababu tumeulizwa. Tuliwaambia kuna mtu aliteremka kwenye lori lake la kampeni akaja kukaa na mtoto wa mwanamke asiye na kura. Wenye nyumba wetu walisikia, wake zao walisikia, wauza ndizi walisikia. Mama Furaha peke yake nadhani alikunjua vitenge nusu ya Nateete.

Akashinda. Alipoijua habari hii ya vitenge, wiki kadhaa baadaye, aliagiza chai kwa wote, na sukari akaiweka mezani, kopo zima.

Kwenye baraza la madiwani walimcheka mwanzoni. Alisoma hoja zake kama anasoma daftari la mgonjwa: "Mgonjwa ni chemchemi ya Nateete. Amekuja na homa tangu zamani. Nimempima. Dawa ni bomba. Atarudi kupimwa baada ya mwezi." Na mwezi ukiisha alisimama tena: mgonjwa hajapewa dawa. Mwezi mwingine, tena. Wenzake walianza kumkwepa kwenye ngazi. Nadhani mwishowe walimpa bomba ili wapate kupumzika.

Siku ya kufunga chemchemi alikwenda mwenyewe. Bibi kizee mmoja mwenye nyumba, Jjajja wetu sote pale bondeni, alikuwa ameketi juu ya jiwe lililo mlangoni mwa maji, amejifunga gomesi yake, gauni la heshima la Kiganda, vizuri, na hataki kuondoka. Chemchemi ile iliwanywesha wazazi wake. Mafundi walimsubiri Daktari atoe amri, na amri, kama nilivyosema, alikuwa anazijua. Badala yake alikaa chini, kwenye jiwe lililolowa, na suruali yake, na viatu vyake, akamsikiliza mpaka jua likafika utosini. Waliongea Kiganda, mengine sikuyafuata. Alipoinuka alikuwa amekubali chemchemi iachwe itiririke, kwa kufulia tu, na bomba liwekwe juu yake, ambapo mtu atalifikia kwanza.

"Uliahidi kuifunga," nikamchokoza tukirudi.

"Mimi sasa ni mwanasiasa," akasema. "Nimeanza kudanganya." Alifurahi sana siku ile. Hata mimi.

Neema hakuugua tena. Nasema hivyo kwa haraka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Siku moja nilitambua tu kwamba sijafungua lile daftari muda mrefu. Watoto wa Mama Furaha vilevile. Kliniki ikaanza kuwa na nafasi kwenye benchi. Kwanza tulipata muda wa kunywa chai, kisha tukapata muda mno, na mimi nikarudi kwenye vitenge vyangu, tumeagana vizuri.

Uchaguzi uliofuata walimtoa. Alikuja kijana mwenye vipaza sauti na ahadi ya taa za barabarani, na taa ni jambo zuri, siwalaumu. Lakini nilikuwa karibu na Daktari matokeo yalipotangazwa, nikauona uso wake. "Wamenisahau, Mama Neema," akasema. "Hata miaka ngapi haijapita. Mutu anakunywa pale kila asubuhi na hajui nani." Muda si mrefu akafunga kliniki, akahamia Kawempe kwa dada yake, mjane kama mimi. Nilisikia anaulizauliza kama ni kweli alifanya vizuri kuacha wagonjwa, au alikimbia tu kazi ngumu akatafuta heshima. Mtu aliyenijaza moyo namna ile kujiuliza hivyo, iliniuma.

Nilikawia kwenda kumwona. Aibu nyingine huna hata sababu yake. Mwaka huu, likizo ya shule, nilikuwa na wateja Kawempe na mzigo mzito, nikamwomba Neema anisindikize. Ana miaka kumi na saba sasa, ananizidi urefu kwa kichwa kizima, anacheza netiboli ya shule, anakula kama fundi wa ujenzi. Tulipomaliza nikasema tupite mahali.

Tulimkuta sebuleni anasikiliza redio. Amekonda, lakini alinitambua kabla sijavua viatu. "Mama Neema! Kumbe uko hai!" Dada yake akaleta chai. Tukacheka juu ya meneja, juu ya mama wa Uvira na kiatu chake. Nikaona amechangamka, ila kila baada ya muda anachungulia upande wa Neema, haulizi.

"Huyu ni nani?" mwishowe akasema.

"Daktari! Huyu si Neema?"

Akaondoa miwani, akaivaa tena. Alimtazama mikono, shingo, macho, kama alivyokuwa akitazama watoto zamani, kutoka juu kwenda chini. "Huyu?" akasema. "Huyu ndiyo ile mutoto yangu?"

Neema akatabasamu kwa adabu. "Mheshimiwa, mimi nakukumbuka. Nilikuwa naona mabango yako. Mama alikuwa anafanya kazi kwako."

"Mabango," Daktari akasema. "Na kliniki?"

"Kliniki gani?"

Nikaona vidole vyake vimekaza kikombe. Nikataka kuingilia kati, lakini Neema akaendelea, bila ubaya wowote. "Nilidhani Daktari ni jina tu, la siasa. Wanasiasa wengi wanajiita hivyo. Kumbe ulikuwa daktari kweli? Mimi pia ulinitibu?"

Sikuwahi kumwambia. Miaka ile ilikuwa na mambo mengi ambayo sikutaka ayabebe, na hili likaenda pamoja nayo.

"Nilikutibu," Daktari akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa naumwa nini?"

Daktari akaweka kikombe mezani. Alinigeukia mimi, na uso wake ulikuwa unabadilika polepole, mpaka ukawa uso ambao sijawahi kuuona hata siku aliposhinda. "Mama Neema," akasema. "Yeye hajui."

"Hajui, Daktari."

"Hajui kabisa!" Akapiga goti lake kwa kofi, akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena, akamwita dada yake kutoka jikoni. "Njoo usikie! Kuja usikie huyu mutoto! Hajui alikuwa naumwa nini!" Mimi nilikuwa ninalia na sikujificha.

Neema alitutazama sisi wawili, mmoja anacheka na mwingine analia, akauliza tena. Daktari akanikonyeza nisiseme, akamsogezea sahani ya mihogo.